Mwenye Bucha Ajaribu Pampu ya Maziwa

Juzi katika duka la dawa mjini Embu, mwenye bucha mmoja wa Gachoka, aproni bado ina damu, aliinamia kaunta akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani: "Daktari, nipe ile kitu ya kuvuta maziwa ya mama."

Foleni nzima, nami nikiwemo, ikageuka kumtazama. Mtoto wake, akaeleza, amezaliwa kabla ya wakati na hana nguvu ya kunyonya. Maziwa yasipokamuliwa yatakauka.

Muuzaji akampa pampu ya mkono. "Itamuumiza mke wangu?" jamaa akauliza. Kabla hajajibiwa akabandika kikombe cha pampu mkononi mwake, akafinya kama anayevunja mfupa wa ng'ombe. Ngozi ikavutwa ndani. "Uuui!"

"Polepole, baba mtoto," akasema mama mmoja nyuma yangu, akimlegeza vidole. "Finya kidogo, achilia. Mtoto hunyonya hivyo, akipumzika."

Akajaribu tena, macho ameyafumba. "Hii haiumi. Hii nitampelekea."

"Ichemshe kwanza," muuzaji akasema. "Na hiyo umeshanunua!"

Ndugu zangu, nimeona wanaume wengi wakiapa kanisani kubeba maumivu ya wake zao. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akitangulia kuyaonja.