Kifuniko Kimevimba, Nile?

Zlatina Bozhkova alikaa miaka ishirini na sita kwenye kiti kimoja, mbele ya simu moja ya mezani, katika kiwanda cha vifuniko vya chupa pale Yambol, Bulgaria, na katika miaka yote hiyo swali moja liliulizwa kuliko mengine yote. Kifuniko kimevimba, nile? Namba yake ilichapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kila pakiti. Kuanzia Septemba, pilipili hoho zinapochomwa nyuani na mji mzima kunuka moshi, hadi Machi, chupa za mwisho za mboga zilizohifadhiwa kwa ajili ya baridi zinapopandishwa kutoka chumba cha chini ya nyumba, simu hiyo haikupoa.

Waliopiga wengi wao walikuwa wanawake, na wote walikuwa waongo. "Sio mimi, ni jirani yangu," ndivyo walivyoanza. Mwanamke wa Yambol atakutajia umri wake, atakiri hata kwamba mwanawe amekaa tu nyumbani hana kazi, lakini hatakiri kwamba chupa iliyochacha ni yake. Zlatina hakubishana nao. Alisema, "Mwambie jirani yako asile, asionje, asichemshe. Atupe na chupa yake." Kisha akaandika swali jinsi lilivyoulizwa, na tarehe, katika daftari la kijani. Yalijaa madaftari kumi na moja.

Ukali huo alikuwa na sababu nao. Mwaka wake wa kwanza kazini mwanamume mmoja wa kijijini alipiga simu akiwa amekwisha kula. Alisema kila kitu anakiona viwiliviwili na kope zake zinaanguka. Zlatina hakujua kitu wakati huo, akamwambia asubiri kwanza aulizie. Alipopiga kesho yake, simu ilipokewa na mke wa yule bwana, na mke alikuwa analia. Tangu siku ile Zlatina hajamwambia mtu yeyote asubiri.

Mkurugenzi, Inzhinia Karastoyanov, hakuwahi kufunua daftari hata moja. Huyu ni mtu aliyetundika picha yake mwenyewe ofisini kwake, akiangaliana nayo kutwa. Kwa imani yake, kifuniko cha kiwanda chake hakivimbi, na kama hakivimbi, basi hakuna anayeuliza.

Vuli iliyopita simu iliacha kulia. Mwanzoni Zlatina alidhani waya umekatika, akawa anainua mkono wa simu kila baada ya saa moja kusikiliza. Ilikuwa nzima. Septemba yote walipiga watu wanne, wawili kati yao wamekosea namba.

Jibu alilipata Jumapili moja kwa wifi yake Donka, dada wa marehemu mumewe. Donka ni mtu asiyetupa kitu. Ana sanduku zima la nyuzi za kufungia maboksi ya keki, za harusi ambazo maharusi wake wamekwisha kuachana. Siku hiyo mezani palikuwa na chupa ya maharagwe mabichi, na kifuniko chake kimetuna katikati.

"Wifi, hiyo chupa ya nani?"

"Ya jirani," Donka akasema bila haya.

"Jirani gani? Mbona mwandiko ni wako?"

"Nilimwandikia mimi. Umekuja kula au umekuja kupeleleza?"

"Tupa hiyo."

"Aka! Mgongo umeniuma siku mbili kwa maharagwe haya. Wewe kila kitu tupa, tupa. Ndiyo maana kaka yangu alikonda." Donka akachukua simu yake ya mkononi, akaisogeza mdomoni na kuiuliza kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama anaongea na kiziwi. "Kifuniko cha chupa kimevimba. Nile?"

Akili mnemba iliyokuwa humo ikajibu kwa upole kabisa. Ikasema watu wengi hukwangua sehemu ya juu, wakachemsha kidogo, wakala bila shida. Chini ikaonyesha ilikolitoa jibu hilo: jukwaa la wapishi mtandaoni, ambako mtu aliyejiita Mfalme wa Chupa aliandika hivyo miaka tisa iliyopita.

"Umesikia?" Donka akasema, na kijiko kimekwisha kuwa mkononi.

"Huyo Mfalme wa Chupa unamjua?"

"Simjui. Ila yeye hanifokei."

Zlatina aliinyakua chupa, akatoka nayo mbio hadi jalalani, na Donka nyuma yake na ndala zake akipiga kelele mtaa mzima usikie, "Mwoneni! Mwizi wa maharagwe huyo!" Zlatina hakugeuka. Watu walikuwa wanauliza kama zamani. Walikuwa wanamuuliza Mfalme wa Chupa.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Inzhinia kumweleza, akakuta tatizo linajulikana, ila kwa upande wake wa kijinga. Inzhinia alikuwa ameiuliza ile akili mnemba ni vifuniko gani bora Bulgaria, nayo haikukitaja kiwanda chake kabisa. Habari ya watu kula sumu haikumkosesha usingizi. Ya jina lake kutotajwa ilimkosesha. Alikwisha kumwita mtaalamu kutoka Sofia.

Mtaalamu aliitwa Desislav, kijana wa miaka thelathini na kitu, suruali imeishia juu ya vifundo vya miguu na nje baridi ya Novemba inakata. Aliwakusanya watu sita chumbani na kuwahutubia kama watoto wa chekechea. Zamani, alisema, watu walitafuta mtandaoni kwa maneno mawili matatu. Sasa wanauliza swali zima, kama wanavyomuuliza shangazi yao. Kwa hiyo tovuti ipangwe kwa maswali. Kila kichwa kiwe swali, kwa maneno yaleyale anayotumia muulizaji. Chini yake jibu lije mara moja, sentensi moja au mbili, na maelezo yafuate baadaye. Mashine hupenda jibu lililonyooka. Hulichukua na kutaja lilikotoka.

Apewe haki yake: kila alichosema kilikuwa kweli. Zlatina alisikiliza kwa furaha. Maswali kwa maneno ya waulizaji, na majibu mafupi! Alikimbilia kabatini kwake akarudi amekumbatia madaftari kumi na moja.

Desislav aliyafungua kwa vidole viwili.

"Shangazi, haya ni malalamiko."

"Ni maswali, mwanangu. Umesema unataka maswali."

"Nataka maswali, lakini haya ni hasi. Kimevimba, kimevuja, kimeshika kutu. Mteja mpya akisoma hivi si atafikiri vifuniko vyetu vinavimba?"

"Vifuniko vyetu havivimbi," Inzhinia akasema.

"Kinachovimba ni kilichomo ndani, Bwana Inzhinia," Zlatina akasema. " Mama wa watu hajachemsha vya kutosha. Kifuniko kinamwambia tu."

"Basi hilo ni la huyo mama. Sisi hatuuzi maharagwe."

Wote wawili wakacheka. Zlatina akasema yupo mtu aliyekufa, akawatajia mwaka na kijiji. Desislav akajibu kwa sauti laini ya kumbembeleza mgonjwa kwamba tovuti si mahali pa misiba. Kisha wakafunga mlango na kutunga maswali yao wenyewe, sita. Kwa nini akina mama wa kisasa huchagua vifuniko vyetu? Ni nini siri ya ubora wetu wa miaka hamsini? Je, tunayajali mazingira? Na mengine matatu ambayo hata kuyarudia ni kujiaibisha. Tangu dunia iumbwe hajatokea mwanamke aliyesimama jikoni, mikono imelowa siki, akajiuliza siri ya ubora wa mtu mwingine wa miaka hamsini. Lakini wale wawili walikuwa na mashine mpya na kichwa kilekile cha zamani: walijiuliza wenyewe, wakajijibu, wakapongezana. Walipotoka, Inzhinia alimshika Zlatina bega.

"Simu yenyewe hailii siku hizi, Bi. Zlatina. Machi tunaikata. Na namba tutaiondoa kwenye pakiti, Desislav anasema inachafua."

Ukurasa ukapandishwa mtandaoni. Kila asubuhi Zlatina aliiuliza akili mnemba swali lilelile, na kila asubuhi ilimletea Mfalme wa Chupa na kijiko chake cha kukwangulia. Desislav, kutoka Sofia, alituma michoro yenye mistari inayopanda. Inapanda kwenda wapi, hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza asije akaonekana mshamba.

Jumanne moja ya Desemba, kabla ya mchana, simu ya mezani ikalia.

"Shangazi Zlatina? Habari za kazi?"

"Nzuri." Aliijua sauti hiyo mara moja.

"Nina swali dogo tu. Wala sio langu. Kuna jirani yangu hapa Sofia, ana chupa…"

Zlatina alivuta kalamu. "Chupa ya nini?"

"Maharagwe mabichi. Bibi yake kamtumia kutoka kijijini. Kifuniko kimeinuka katikati, lakini kidogo tu."

"Asile."

"Eeh… hilo la kula, shangazi…"

"Amekwisha kula?"

"Vijiko viwili. Labda vitatu. Jana mchana."

"Macho yake je?"

"Macho mazima. Ila tangu asubuhi anaona maandishi ya kompyuta mawilimawili. Nadhani ni uchovu."

Zlatina alikuwa amesimama bila kujua. "Desislav, nisikilize. Chukua hiyo chupa, toka hapo, nenda hospitali sasa hivi. Usiendeshe gari. Waambie umekula chupa iliyovimba na unaona vitu viwiliviwili. Sema hivyohivyo, usirembe."

"Lakini shangazi, ni jirani…"

"Ni wewe, mwanangu. Nenda, usife kwa aibu!"

Alikwenda. Walimlaza wiki tatu, kope zimemwangukia hata akawa anaziinua kwa kidole ili amwone nesi, na madaktari walimwambia mama yake kwamba angengoja hadi jioni wasingemuahidi kitu. Alipopata sauti ya kuongea vizuri alimpigia Zlatina kumsimulia yote. Ile asubuhi aliuliza mashine kwanza, ikampa Mfalme wa Chupa. Hakuridhika, akafungua ukurasa wa kiwanda, ule alioupanga kwa mikono yake mwenyewe, akausoma kuanzia juu hadi chini kwa jicho moja.

"Ukakuta nini?" Zlatina akauliza, ingawa alijua.

"Nikakuta tunayajali mazingira."

Namba aliipata kwenye pakiti ya sampuli iliyokuwa juu ya meza yake, kwa zile herufi ndogo alizosema zinachafua.

Zlatina hakumcheka. Alitaka kumcheka, tena sana, lakini sauti ya kijana ilikuwa nyembamba mno. Akafungua daftari la kwanza. "Una kalamu? Andika kama walivyouliza." Kwa siku nne alimsomea na yule akaandika akiwa kitandani, maswali arobaini na moja, akayapandisha kwenye ukurasa wa kiwanda bila kumwomba Inzhinia ruhusa. La kwanza kabisa juu ya ukurasa lilikuwa hili: Kifuniko kimevimba, nile? Na chini yake: Hapana. Usile, usionje, usichemshe. Tupa na chupa yake.

Inzhinia alipoona alifoka hadi picha yake ikatikisika ukutani, akaamuru ufutwe. Kabla haujafutwa, Februari, akili mnemba ilianza kulitaja jina la kiwanda. Inzhinia akatulia. Mwezi huohuo alisafiri kwenda kwenye mkutano wa wenye viwanda, akasimama mbele ya watu mia mbili na kueleza jinsi yeye, peke yake, alivyopata wazo la kuyasikiliza maswali ya wateja. Walimpigia makofi. Desislav alikuwepo, na safari hii alitazama sakafu.

Machi simu ilikatwa kama ilivyopangwa. Zlatina alihamishiwa stoo ya vibandiko, mahali pasipo na dirisha, na hakuna aliyemwambia asante. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Donka. Kwenye ndoo ya taka jikoni aliona chupa tatu za maharagwe mabichi zimesimama, zimejaa, vifuniko vimetuna.

"Wifi! Umetupa?"

"Nimetupa. Mashine imesema." Donka akajiweka sawa, akahesabu kwa vidole. "Usile, usionje, usichemshe, tupa na chupa yake. Mashine ina akili, wifi yangu, si kama watu fulani."

Zlatina alifungua mdomo. "Hayo ni maneno yangu, Donka! Si nimekuambia hayohayo tangu tuko wasichana?"

"Wewe ulikuwa unafoka tu. Hii inasema kwa adabu."

Zlatina akatazama tena zile chupa tatu ndani ya ndoo, nzima, hazijafunguliwa, hazijaguswa na kijiko. Akavuta kiti akakaa.

"Zilikuwa za nani?" akauliza.

"Za jirani," Donka akasema, akaenda kutenga kahawa.