Waifai ya Dada Laini yapata mlango wa wageni

Saa mbili asubuhi, pazia zito limeshushwa mlangoni na godoro kuukuu limeegemezwa ukutani ili chumba kisitoe mwangwi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu anavaa vipokea sauti, anasafisha koo, kisha anabonyeza kitufe cha kompyuta bila kukitafuta.

"Habari za asubuhi, umepiga huduma kwa wateja. Nikusaidie nini?"

Upande wa pili ni mzee mwenye hasira. Gari lake liligongwa, na hadi leo bima haijamlipa. Anafoka. Mwanamke anamwacha afoke hadi pumzi zimwishie, kisha anamwita baba, anamwomba namba ya gari. Wakati mzee anaitaja, sikio la kushoto la mwanamke linasikiliza kitu kingine kabisa: sauti ya kompyuta inayomsomea maandishi ya kwenye kioo, haraka haraka kama mtu anayekimbizwa.

Mwanamke huyu haoni. Homa kali ilimpokonya macho akiwa bado shule ya msingi. Wapangaji wenzake humwita Dada Laini, kwa sababu ya laini ya simu, ingawa mwenyewe huonya watu wasidanganyike na jina. "Moyo wangu si laini hivyo," anasema.

Mzee anamaliza kwa kumshukuru na kumwombea heri. Nje ya pazia mama yake, mwanamke mfupi mwenye kanga iliyofungwa kiunoni kama yuko tayari kwa ugomvi, anamnyooshea kidole mpangaji aliyeburuta ndoo. Saa za kazi hazitaki kelele.

Nyumba wanayoishi ina vyumba sita vinavyotazamana, na ua mmoja katikati. Dada Laini amekulia humo humo. Chumba cha pili kutoka kwao anaishi fundi cherehani, mama mtu mzima, ambaye miaka mingi alimsomea vitabu vya shule kwa sauti huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Historia yote niliyosoma, naisikia na mlio wa cherehani nyuma yake," anasema Dada Laini. "Hadi leo akianza kushona suruali, mimi nakumbuka tarehe za vita."

Baada ya shule alikaa muda mrefu bila kazi. Waliomhoji walimsifu, kisha hawakupiga simu tena. Miaka miwili iliyopita kampuni ya bima ilimchukua kupokea simu za wateja. Ilimpa kompyuta, ikamwekea intaneti chumbani, pamoja na ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, ili afanye kazi kutoka nyumbani. Kodi ya chumba na dawa za presha za mama vikahamia mabegani mwake, na anasema hakuwahi kubeba mzigo akiwa na furaha kiasi hicho.

Miezi ya mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Kisha sauti yake ikaanza kukatika. Wateja walisikia nusu ya neno, wakauliza "haloo, haloo", wakakata. Wengine walidhani anawapuuza.

Siku moja msimamizi wake alimpigia. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Aliniambia, 'Dada, kazi yako naipenda, lakini karibu theluthi ya simu zako zinakatika. Mambo yakibaki hivi hadi mwisho wa mwezi, sitakuwa na la kukutetea nalo.' Nilivua vile vipokea sauti nikavishika tu mkononi."

Aliwapigia watoa huduma ya intaneti. Fundi wao alikuja, akapima, akasema laini haina tatizo lolote. Kisha akamwelekeza Dada Laini afungue ukurasa mmoja kwenye simu yake mwenyewe. "Sikiliza ni vifaa gani vimeunganishwa na ruta yako na kugawana nawe intaneti," alimwambia.

Simu ikaanza kusoma. Simu ya fundi cherehani. Simu ya Baba Pacha, mpangaji mwenzao. Televisheni. Televisheni nyingine. Simu ya mwenye nyumba, ambaye hata haishi hapo bali huja kudai kodi. Halafu kikafuata kifaa kisichojulikana, na kingine kisichojulikana, na vingine. "Nilicheka nilipofika kwa mwenye nyumba," anakumbuka. "Vilipofika hivi visivyojulikana, kicheko kikaisha."

Alimwita mama yake, akamuuliza kama kuna mtu amempa neno la siri la waifai.

"Mtu?" mama akajibu. "Nimewapa watu. Hawa ni majirani zako."

"Mama, linaitwa neno la siri."

"Sasa siri gani, na wewe ndiyo umesoma kwa midomo yao? Leo una kitu, niwafungie mlango?"

Dada Laini hakubishana. Lakini jioni hiyo hiyo, bila kumwambia yeyote, alibadilisha neno la siri.

Kesho yake ua ulinyamaza. Watu walisalimu kwa ufupi. Fundi cherehani, ambaye kila siku hupita kuuliza wameamkaje, hakupita. Mama alirudi kutoka bombani, akatua ndoo kwa kishindo.

"Umenivua nguo mbele za watu," alimwambia binti yake, akaingia ndani.

Kwa siku chache simu zilikwenda sawa. Halafu katikati ya maongezi na mjane mmoja aliyekuwa akieleza jinsi mumewe alivyofariki, sauti ikakatika tena. Dada Laini alifungua ukurasa ule. Majirani hawakuwepo. Vile visivyojulikana vilikuwa vimerudi vyote.

Alijua lawama iende wapi, au alidhani anajua. Alitoka nje, akamwambia mama yake mbele ya watu kwamba amemwibia neno jipya na kuligawa. Mama alikaa kwenye kigoda, akaendelea kuchambua mchele ambao, kwa mujibu wa Baba Pacha, ulikuwa umeshachambuliwa.

Ukweli ulijulikana alipompigia fundi wa intaneti. Fundi alimuuliza swali moja: neno la kwanza, mama aliwapaje watu?

Mama aliitwa, akaeleza. Maandishi ya chini ya ruta ni madogo, macho yake hayayawezi, kwa hiyo aliyeomba alikuwa anageuziwa ruta apige picha kile kibandiko. Na aliyepiga picha akamtumia mwenzake.

"Fundi akaniambia, kwenye kibandiko hakuna neno moja tu," anasema Dada Laini. "Kuna la kuingilia kwenye waifai, kuna la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na kuna namba ya kuunganisha kwa mkato. Mimi nilibadilisha la kwanza, nikaacha mengine kama yalivyotoka kiwandani. Mwenye ile picha alikuwa anaingia kwa namba ya mkato. Mama hakuhusika kabisa."

Alikata simu, akampapasa mama hadi akapata bega lake. Alimwomba radhi pale pale uani, kwa sababu ndipo alipomdhalilisha. Mama alimwambia ale kwanza, hajala tangu asubuhi.

Kazi iliyofuata aliifanya kwa mikono yake, fundi akimwelekeza kwa simu. Alibadilisha neno la mipangilio, likawa refu na lisilofanana na lile la waifai. Alizima ile namba ya mkato. Aliruhusu ruta ijipakulie programu mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na mianya. Jina la mtandao, lililokuwa na namba ya chumba chao, akalibadilisha.

Alikuwa anakaribia kumaliza aliposikia fundi akitaja mtandao wa wageni: mlango wa pili kwenye ruta hiyo hiyo, wenye neno lake, usiogusana na kompyuta ya kazi, na unaoweza kupunguziwa kasi au kufungwa kwa saa maalumu.

"Nikamwambia, kaka, hilo ndilo ungeanza nalo."

Siku ya mapumziko aliwaita majirani. Aliwaeleza kuhusu simu zinazokatika na onyo la msimamizi. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kusema.

"Ungetuambia tu, mwanangu. Mimi nilidhani ni kama mwanga wa taa, hata tukikaa kumi chini yake haupungui."

Walikubaliana mlango wa wageni ufunguliwe jioni, kazi ikiisha. Neno lake analitunga mama, analibadilisha anapotaka, na analitoa kwa mdomo tu. Wapangaji wanasema amekuwa mkali kuliko benki. Mwenye nyumba ameomba mara mbili. Ameambiwa atengeneze kwanza paa la bafu.

Waliokuwa nyuma ya vifaa visivyojulikana hawakufahamika kamwe. Dada Laini hajawatafuta. "Labda ni wapita njia, labda ni watu wabaya," anasema. "Nilichotaka ni wasiwepo, na hawapo."

Mwisho wa mwezi ulipita simu zikiwa hazikatiki tena, msimamizi akapiga. Safari hii alikuwa na ombi. Kampuni inaajiri watu wengine wanne wasioona, nao watafanyia kazi majumbani. Anataka Dada Laini awafundishe kutumia mitambo na kulinda intaneti zao. Mafunzo yanaanza mwezi ujao, na tayari anajirekodi sauti, somo baada ya somo, ili wayasikilize kwa nafasi yao.

Somo la kwanza amelifuta na kulirudia mara kadhaa. Alianza na ruta, akaona amekosea.

"Ruta wataijua kwa siku moja," anasema huku akivaa tena vipokea sauti vyake. "Nitaanza na watu wanaoishi nao. Nitawaambia, kabla hujagusa kitu chochote, toka nje, kaa nao, uwaambie kazi yako ni nini na inahitaji nini. Mimi nilianza kwa kufunga. Nataka wao waanze kwa kusema."