Nilipomjibia Mama kwa Daktari

Mdogo wangu, nakumbuka asubuhi moja tulipotoka Kituntu kwa bodaboda, mama yangu katikati, mimi nyuma, kwenda kliniki ya saratani. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na hofu zangu zote nilizihamishia kwenye vidonge vyake. Kila alichomeza nilikiandika kwenye daftari, saa na dakika, kisha nikarudi kukagua nikidhani nimekosea.

Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Nyumbani tunaongea Kinyambo. Kwa hiyo daktari aliuliza, nami nikatafsiri. Kila alipotaka kujua kama dawa zinamsumbua, mama alitazama sakafu na kusema mwambie ni salama. Nami nilijibu hana tatizo, nikafungua daftari, nikasifiwa. Ilikwenda hivyo miezi mitatu.

Asubuhi hiyo alikuwepo nesi mtu mzima, mzaliwa wa Ihanda. Alimsalimia mama kwa Kinyambo, akamtazama kitambo, kisha akanigeukia.

“Kijana, katusubiri nje.”

“Lakini daftari ninalo mimi.”

“Nenda nalo. Mwenye mwili yupo hapa.”

Nilikaa kwenye benchi nikiwaza kwamba nimemzidishia dozi. Mama alipotoka alikuwa amechoka kama aliyepalilia shamba zima. Kwa ruhusa yake, nesi akanieleza: mama alikuwa akitokwa damu ukeni tangu mwezi wa pili wa dawa ile, na daktari alipaswa kujua mapema. Siku hiyo hiyo walimsimamishia dawa, wakampangia vipimo.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Wewe nimekuzaa. Nikuambie hayo huku natazama wapi?” Akavua viatu polepole. “Halafu hukuniuliza, baba. Uliuliza nimemeza saa ngapi.”

Vipimo havikuonyesha baya zaidi, akapewa dawa nyingine. Bado tunakwenda kliniki. Tumechoka wote wawili, yeye zaidi, na mimi bado naiwaza ile miezi mitatu.

Ukimsindikiza mgonjwa, mdogo wangu, usimjibie. Omba mhudumu anayejua lugha yake, mwanamke kwa mwanamke ikiwezekana, halafu toka nje hata kama moyo unakataa. Dawa ikimtesa, isemwe mapema, msingoje tarehe ya kliniki. Na asiache dawa mwenyewe kimyakimya, aseme kwanza.

Mungu akupe utulivu wa kuuliza na kungoja jibu, na ampe mzazi wako mtu wa kumwambia.