Kumbe Haitakiwi Kuuma

Nilihamia Mwanza mjini nikiwa mvulana, nikae kwa shangazi nisome. Siku ya pili tu aliingia chooni mara baada yangu, kabla sijamwaga maji. Alipiga ukelele mpaka majirani wakaja mlangoni.

"Wewe! Umechinja nini humu?"

"Nimekojoa tu, shangazi."

"Damu?"

Nilishangaa anashangaa nini. Kwetu, kijijini mbele ya Kisesa, tulichunga ng'ombe na kuoga nao lambo moja, na wavulana wote tulikojoa hivyo. Mkojo ulianza vizuri, mwishoni ukawa mwekundu na kuchoma kama pilipili. Aliyeona wekundu kwa mara ya kwanza tulimpongeza, ameshakuwa mwanaume. Siku yangu ilipofika nilikimbia nyumbani kutamba. Baada ya hapo nilizoea. Nilikaza meno, nikakojoa, nikarudi mchezoni.

"Hicho ni kichocho, mwanangu," shangazi alisema. "Ni ugonjwa."

Kesho yake alinipeleka hospitali. Walipima mkojo wangu, wakanipa vidonge vikubwa vichungu, nikavimeza hapo hapo. Tumbo lilinisokota kutwa nzima. Lakini baada ya wiki chache nilisimama chooni, nimekaza meno kama kawaida, nikisubiri maumivu. Hayakuja. Nilibaki nimesimama pale. Kumbe watu hukojoa hivi!

Likizo ilipofika nilimfuata baba zizini.

"Shikamoo baba. Ule mkojo wa damu ni ugonjwa. Una dawa."

"Marahaba. Nani kakudanganya?" Aliendelea kukamua. "Mbona mimi mpaka leo nakojoa hivyo?"

Mpaka leo! Miaka yote nilikuwa nikimsikia alfajiri akiguna nyuma ya nyumba, nikidhani anasafisha koo.

Maneno yangu hakuyasikia. Ilibidi shangazi aje mwenyewe, amgombeze kaka yake mbele ya mama, ndipo akakubali kwenda mjini. Daktari alimpima, akatuambia kibofu kimekakamaa. Dawa ingeua minyoo ya kichocho, lakini makovu ya kibofuni yasingeondoka.

Baba alisikiliza, kofia mkononi. Tulipofika nje kwenye benchi ndipo akanigeukia.

"Wewe sasa haikuumi?"

"Haiumi, baba."

Alivaa kofia yake.

"Hata kidogo?"