Mtungi wa Ukweni Ulionuka Dizeli

Mke wangu akipata wageni hukitoa kisa hiki na kukitia chumvi, kwa hiyo leo nakitoa mwenyewe kabla hajaniwahi, maana aibu ukiisimulia wewe mwenyewe angalau unajichagulia mahali pa kuanzia.

Miaka ya sabini nilikuwa na gari kuukuu la dizeli pale Kasulu, nililolinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao (siku ya kunikabidhi alitabasamu sana, nami sikujiuliza kwa nini). Nilikuwa namchumbia Yasinta, binti wa kijiji cha Murungu kule Kibondo, na siku ya kupeleka pombe ukweni ilikuwa imekaribia. Kaka yake, Laurenti, alikuja Kasulu kuuza maharage akafikia kwangu, tukapatana turudi wote na mitungi. Kwa ajili ya safari hiyo nikaanza kujaza tangi, na hapo ndipo dizeli ilipoanza kupungua.

Dizeli wakati ule ilikuwa ya kuwinda, ukiipata unashukuru Mungu. Basi najaza leo, napandisha kilima hadi nyumbani, kesho natumbukiza ufito kupima, nakuta imeshuka, na ndani ya gari harufu inakata pua. Nikakagua kama mtu mwenye akili zake, nikapangusa pampu na mabomba, nikakaza nati, nikamwaga majivu chini ya gari zima nione tone litaangukia wapi. Majivu yakabaki makavu. Tena tangi likishuka kidogo halipungui zaidi, nami nikasema moyoni, huyu mwizi ni mjanja, anachota ya juu tu ili nisishtuke. Mgeni nyumbani alikuwa mmoja. Nikaanza kumchungulia Laurenti mikono akila, nikawa napita pale alipopita nikinusanusa (mjinga gani huyo). Nikatia kufuli kwenye mfuniko wa tangi, ufunguo nikaufunga kwenye mkanda wa suruali, naye akaniuliza kwa upole, "Shemeji, huku kwenu wezi wamezidi?" Nikaona hayo ndiyo maneno ya mwizi mwenyewe.

Siku ya safari nikajaza tangi mpaka shingoni. Mbele nikakaa na baba mdogo, aliyekuwa msemaji wangu, Laurenti nikamweka nyuma ashike mitungi ya pombe ya ndizi isipinduke. Ile barabara ni milima mitupu, na kila tulipopandisha harufu ilizidi, baba mdogo akaziba pua kwa kitambaa. Nikatupa jicho kwenye kioo, namwona Laurenti amevua sweta, amejikunja juu ya mitungi, anafunika kitu. Nikajua. Ameificha dizeli yangu kwenye mtungi mmojawapo anaipeleka kwao, tena kwa gari langu. Ningesimama nikamuuliza, yangeishia hapo, lakini nikaamua ninyamaze nimnase na ushahidi.

Sasa kwetu sisi Waha anayeleta pombe ndiye anayeitangulia, anavuta mrija wa kwanza watu wote wakimwangalia, waone haina kitu ndani. Tulipofika Murungu wakwe wameshajipanga, uani pamefagiwa pakafagika, mtungi ukafunguliwa, nikapewa mrija, nikavuta. Dizeli. Nikatema pale pale, mbele ya miguu ya baba mkwe.

Akina mama wakavuta watoto wao karibu. Mzee mmoja akauliza, si kwa sauti kubwa, "Pombe yake mwenyewe inamshinda?" Na kwetu mtu anayeshindwa kunywa alichokileta hana jina lingine ila mtu wa sumu. Yasinta alikuwa kwenye mlango wa jiko, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, nami nikaona anaponyoka hivi hivi natazama. Ningeweza kusema lolote la heri. Nikasema, "Muulizeni Laurenti. Ananiibia dizeli tangu Kasulu, leo kaitia mtungini. Nuseni sweta lake."

Wakanusa, na kweli lilinuka. Nikapumua.

"Laurenti," baba yake akamwita, "ni kweli?"

"Ego, ndiyo, baba, linanuka," akasema bila kupandisha sauti. "Gari likipanda mlima mafuta yanatoka kule nyuma, yanakuja kwenye mitungi. Nikaifunika kwa sweta, lakini yakapenya. Nilishindwa kumwambia shemeji gari lake ni bovu, mbele ya mzee aliyekuja kumsemea."

Tukaenda garini wote, mpaka vikongwe. Nilikuwa nimeegesha pua juu, na dizeli ilikuwa inachuruzika taratibu kutoka kwenye mpira wa kujazia, ule unaoshuka toka kwenye mfuniko hadi tangini ukipitia ndani ya gari kule nyuma. Ulikuwa na ufa huko juu, ukivuja tangi likijaa na gari likiinamia nyuma. Kasulu mimi nililiegesha mahali tambarare, juu ya majivu yangu.

Baba mkwe akarudi akaketi. "Dizeli tumeiona," akasema. "Lakini pombe aliyoitema mwenye kuileta hainyweki kwangu, na binti haondoki kwa pombe isiyonyweka."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikapiga magoti penye mtungi, nikavuta mrija, nikameza, koo likiwaka na machozi yakinitoka, nikameza tena. Hakuna aliyesogea. Nikajua nimemkosa Yasinta. Ndipo Laurenti, akiwa na fulana yake ya ndani tu, akachukua mrija, akapiga magoti ubavuni kwangu, akanywa funda refu bila kunitazama. Alipoinuka, baba yake akanyoosha mkono, akaomba mrija.

Yasinta nilimwoa. Niliapa, na nimekishika kiapo, kwamba nikinusa mafuta nitaingia chini ya gari langu kwanza kabla ya kumtazama mtu mikono. Laurenti nimemwomba radhi mara nyingi, na kila mara hunijibu kwamba pombe ile ilikuwa nzuri. Husema hivyo bila kucheka, na hapo ndipo aibu hunirudia upya.