Mzee Niliyemketisha Karibu na Masufuria

Nimechoka na harusi za watu, na hii ndiyo iliyonimaliza. Mpwa wangu wa Moroni alikuwa anaoa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, katika jumba la kale la mawe la ukoo wa bibi harusi, nami nikapewa kazi ya kuketisha wanaume. Nilifika hoi; mamluki wa kigeni walioshika visiwa vyetu siku hizo walinipekua bandarini mpaka kanzu yangu mpya ikajaa mavumbi.

Kwetu Moroni, mwanamume asiyefanya ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima, huhesabiwa mtoto hata awe na mvi. Basi nikasimama mlangoni, kila mmoja namhoji. Mzee mmoja mwembamba akanijibu, "Ndoa kuu? Sijafanya, mwanangu."

"Basi wewe bado mtoto. Kaa nyuma, kwenye masufuria."

Vijana wa huko nyuma wakacheka. Nikadhani wanamcheka yeye.

Tukamngoja kadhi saa nzima. Mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote: watu wa Mutsamudu hawajali wakati! Baba wa bibi harusi akatoka kumtafuta, akarudi peke yake.

Ndipo sauti ikatoka kwenye masufuria: "Kadhi nipo tangu asubuhi. Nilikuwa nasubiri nikue."