Bibi harusi wa Kabazi na style ya AI: laini iligeuka hereni

Tak! Tak! Tak!

Wakuu, hiyo ni kichana ikigongwa kwa kioo, na hadi leo naisikia. Sitaongeza chumvi, nilikuwa hapo, rasta za kusukia mkononi.

Aliyegonga ni Mama Shiro, mwenye salon ninayosukia hapa Nakuru. Alikuwa ameonyeshwa picha kwa simu.

Simu ni ya Njeri, bibi harusi kutoka Kabazi. Harusi kesho! Alikuwa ameambia AI imtengenezee style kwa uso wake mwenyewe. Wueh, alitoka mrembo!

Shida ni moja. Kuna laini moja ya nywele zilizosukwa ilipita juu ya sikio, ikashuka, halafu ikageuka kuwa hereni. Yaani nywele imekuwa chuma!

"Wee Njeri, hiyo mashine imewahi kusuka mtu?" Mama Shiro akauliza.

"Hata mimi sielewi, mum. Lakini ndio nataka."

"Basi uolewe na hiyo simu."

Tukacheka wote, isipokuwa Njeri. Akatoa kitambaa kichwani.

Wakuu, juu ya sikio ilikuwa ngozi tupu. Kusukwa kwa nguvu tangu utotoni, edges, zile nywele za pembeni mwa uso, zikaisha.

"Kwa picha ziko," akasema polepole. "Nataka kesho pia zikuwe."

Kicheko kikatuishia. Mimi machozi yangu huwa karibu, nikajifanya natafuta mafuta.

Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mum, niachie huyu." Mimi, wa kuacha shule Form Two, AI naitumia tu kuandikia crush!

Nikaangalia picha tena. Nikaruka!

Mnaona, laini ikitoka nyuma penye nywele, inaweza kulala tu juu ya ngozi bila kuvuta kitu. Kinachokosekana ni mahali pa kuishikilia mbele. Na kwa picha ilikuwa imeshikiliwa... na hereni!

Njeri alikuwa na hereni za ring masikioni. Nikasuka laini pana, pole pole, nikailaza juu ya ile ngozi, nikaishusha mbele ya sikio, mwisho nikaufunga kwa ring.

Njeri akatikisa kichwa. Haikutoka. Akatikisa tena kama yuko reception tayari!

"Aki huyu msichana!" Mama Shiro akanikumbatia na mikono imejaa mafuta.

Sasa nisaidieni. Hiyo style ni ya nani? AI haikujua Njeri anaumwa wapi. Na mimi singewahi kufikiria hereni.

Nilichojifunza: mashine ikikupea kitu hakiwezekani, cheka, lakini angalia mara ya pili. Wasusi, mafundi, wachoraji, mnaonaje? Mnikosoe na upendo tu.

Jioni nikabaki kufunga salon. Ukutani kuna ile poster ya styles. Nikachukua biro, nikamchora Njeri pale pembeni palipobaki nafasi, chini nikaandika jina langu.

Kichwa kilitoka kama kiazi. Lakini hereni, wakuu, ilitoka poa sana.